Mti wa Norton: shina la sentimita 16, majani zaidi ya 250

Mwezi Februari 2024 jarida la Current Biology lilichapisha maelezo ya mti uliokufa miaka milioni 350 hivi iliyopita, katika eneo ambalo leo ni jimbo la New Brunswick, mashariki mwa Kanada. Mti huo ulipewa jina la kisayansi Sanfordiacaulis densifolia, na habari zake zilienea upesi kwa sababu ya sura yake, ambayo kwa kweli inachekesha kidogo: shina jembamba lililosimama wima bila tawi hata moja, na juu yake fungu kubwa la majani marefu yaliyotoka pande zote, mfano wa brashi ya kuoshea chupa. Magazeti mengi yaliishia hapo kwenye kuchekesha. Mimi nimeurudia mti huu mara kwa mara kwa sababu nyingine, nayo ni kwamba shina lake na majani yake vilikutwa pamoja, vikiwa bado vimeshikana, jambo ambalo katika elimu ya mimea ya kale ni adimu kuliko vile ambavyo wengi wetu tungedhani.

Ni vyema kuanza na ugumu wenyewe. Mnyama mwenye uti wa mgongo hufa na mifupa yake, kwa hiyo anayebahatika kuupata mzoga uliogeuka jiwe anaweza kuikuta mifupa hiyo mahali pamoja. Mti hauko hivyo. Katika uhai wake wote mti hupukutisha: majani huanguka, matawi hukatika kwa upepo, chavua au spora (chembe za uzazi za mimea kama makangaga) hupeperushwa mbali, mbegu huchukuliwa na maji, na mizizi hubaki ardhini hata baada ya shina kuanguka na kuoza. Kila kipande hushika njia yake na hukutana na mazingira yake ya kuhifadhika. Shina huweza kugeuka jiwe pale maji yenye silika yanapopenya ndani ya seli zake. Jani huhitaji tope laini na tulivu litakalolifunika kabla halijaoza. Spora, kwa ukuta wake mgumu, hudumu katika miamba ya namna nyingi. Ndiyo maana mtafiti anaweza kuchimba miaka mingi kwenye mwamba uliojaa magogo asione jani hata moja lililotoka kwenye magogo hayo, na mwenzake akachimba mwamba uliojaa majani bila kujua yalikuwa yameota juu ya shina la namna gani.

Kutokana na hali hiyo, wataalamu wa mimea ya kale wana desturi ambayo mgeni huiona ya ajabu: kila sehemu ya mmea hupewa jina lake, kana kwamba ni mmea kamili, mpaka siku itakapothibitika kwamba sehemu hizo zilikuwa za mmea mmoja. Miti mikubwa ya kundi la likopsidi, ambayo ilichangia sehemu kubwa ya makaa ya mawe ya kipindi cha Kaboniferi (kile kilichoanza miaka milioni 359 hivi iliyopita), huitwa Lepidodendron kwa shina lake lenye makovu ya majani, Stigmaria kwa mizizi yake, Lepidostrobus kwa koni zake na Lepidophylloides kwa majani yake. Katika bustani ya Victoria Park jijini Glasgow kuna visiki 11 vya miti ya jamii hiyo vilivyogunduliwa mwaka 1887, vikiwa bado vimesimama pale pale vilipoota. Ni mahali pazuri mno pa kuufikiria msitu wa kale, lakini anayevitazama anaona visiki tu, na yote yaliyokuwa juu ya visiki hivyo inabidi ayaongeze kwa ujuzi alioupata kwingine.

Madhara ya kuwa na vipande visivyounganishwa yanaonekana vizuri katika kisa cha Archaeopteris. Jina hilo lilitolewa mwaka 1871 na John William Dawson, mwanajiolojia aliyezaliwa Nova Scotia, jirani kabisa na New Brunswick, kwa ajili ya majani yaliyofanana sana na makangaga. Magogo ya miamba ya umri huo huo yalikuwa na jina lao, Callixylon, na muundo wake wa ndani ulifanana na ule wa misonobari. Kwa miaka mingi hapakuwa na sababu ya kumfanya mtu yeyote ayaweke majani yale juu ya magogo haya, maana lile lilikuwa kundi la makangaga na hili lilikuwa kundi la miti ya koni. Mwaka 1960 Charles Beck alieleza kielelezo kimoja ambacho majani ya Archaeopteris yalikuwa yameshikana na shina la Callixylon, na kwa kipande hicho kimoja cha jiwe ikabainika kwamba uliwahi kuwapo mti uliozaa kwa spora kama kangaga huku ukijenga shina gumu kama msonobari. Kundi zima jipya la mimea lilitambuliwa kutokana na muungano huo. Kilichokosekana miaka yote hiyo kilikuwa ule muungano tu, kwa sababu majani na magogo yenyewe yalikuwa yamejaa makabati ya makumbusho.

Kisa cha pili ni cha Gilboa, katika jimbo la New York, na hiki kilichukua muda mrefu zaidi. Mafuriko ya mwaka 1869 yalifichua visiki vya kale kwenye kingo za kijito cha Schoharie, na vingine vingi vikapatikana miaka ya 1920 wakati wa kuchimba mawe ya kujengea bwawa. Mwanasayansi Winifred Goldring alivieleza mwaka 1924 kwa jina la Eospermatopteris na kuvichora vikiwa na majani ya kikangaga juu yake, kwa kufuata ushahidi aliokuwa nao. Ilipofika mwaka 2004 ndipo lilipopatikana fungu la juu la mti wa aina hiyo, na mwaka uliofuata likapatikana shina refu, katika machimbo yasiyo mbali na Gilboa. Maelezo yaliyotolewa katika jarida la Nature mwaka 2007 yalionyesha mti wa zaidi ya mita nane, wenye umri wa miaka milioni 385 hivi, ambao juu yake haukuwa na majani bapa hata kidogo, ila vitawi vilivyogawanyika mara nyingi. Kutoka kisiki hadi kichwa cha mti ilipita zaidi ya karne moja na robo.

Nimevitaja visa hivyo viwili ili thamani ya kile kilichotoka New Brunswick ieleweke. Katika machimbo ya mawe karibu na mji mdogo wa Norton, mnamo mwaka 2017 hivi, lilipatikana jiwe lenye sehemu ya shina na majani yakiwa yamelizunguka, na katika miaka iliyofuata vikapatikana vielelezo vingine vinne vya mmea huo huo jirani na cha kwanza. Matthew Stimson na Olivia King, watafiti waliokuwa wakishughulika na miamba ya eneo hilo, waliungana na Robert Gastaldo wa Colby College na Patricia Gensel wa Chuo Kikuu cha North Carolina, pamoja na wenzao wengine, ili kuvisoma. Sehemu ya kwanza ya jina la mti inatokana na jina la mmiliki wa machimbo hayo, na nadhani ni heshima inayostahili, kwani mwenye machimbo angeweza kuyasaga mawe hayo yote kuwa kokoto na pasiwepo mtu wa kumlaumu.

Hebu tulisogelee jiwe lenyewe. Kielelezo kikuu hakina ncha ya juu wala sehemu ya chini kabisa. Kilichopo ni kipande cha shina chenye kipenyo cha sentimita 16, ambacho mtu mzima anaweza kukikumbatia kwa mikono miwili na vidole vikapishana. Katika sentimita 75 hivi za juu za kipande hicho yamebaki majani zaidi ya 250, yakiwa yamejipanga kwa kulizunguka shina huku yakipanda, kwa msongamano mkubwa kiasi kwamba ni vigumu kupata nafasi tupu kati ya kikonyo na kikonyo. Chini ya hapo hakuna majani tena, ila vitako vyake, yaani sehemu za chini za vikonyo, vimebaki vimelifunika shina, alama ya majani ya zamani yaliyonyauka na kukatika mti ulipokuwa unarefuka. Kila jani ni jani ambatani: kikonyo kinatoka kwenye shina kikiwa kitupu kwa nusu mita nzima, kisha kinaanza kutoa vikonyo vidogo vya pembeni kwa kupokezana, kimoja upande huu na kimoja upande ule. Majani hayo yanaweza kufuatwa ndani ya jiwe kwa zaidi ya mita 1.75, nayo hayajafika mwisho wake, kwa maana yanakatika pale kielelezo kinapoishia.

Hiyo nusu mita tupu ndiyo inayonivutia kuliko kitu kingine chochote katika kisukuku hiki. Mmea wenye majani zaidi ya 250 yaliyobanana kwenye urefu usiofika mita moja ungekuwa unajinyima mwanga wenyewe kama vijani vingeanza karibu na shina, kwa sababu pale katikati hapana mwanga wa kutosha kwa wote. Kwa kusogeza vijani mbali na shina, kila jani linapata eneo lake. Maelezo haya ya nusu mita ni yangu, na msomaji ayapokee hivyo, lakini yanakwenda sambamba na hoja ya watafiti wenyewe kwamba umbile zima la mti huu lilielekezwa kwenye kunasa mwanga mwingi kadiri ilivyowezekana.

Tena, pembe za majani zimehifadhiwa. Majani ya juu yamesimama kwa pembe kali kuelekea kwenye ncha, na kadiri yanavyoshuka yanazidi kulegea na kulala, mpaka yanakaribia usawa wa ardhi. Jambo hili lingepotea kabisa kama majani yangekuwa yamebandikwa bapa kwenye tabaka moja la mwamba, jinsi visukuku vingi vya majani vilivyo. Hapa mashapo yaliingia katikati ya majani na kuyashika kila moja kwenye kimo chake, ndiyo maana watafiti wanazungumzia fungu lenye pande tatu: urefu, upana na kina.

Sasa tufanye jaribio la mawazo, kwa sababu ndilo linaloonyesha hasara ambayo tungeipata. Tuseme lingepatikana shina tupu peke yake. Mtaalamu angeona sentimita 16, angeona vitako vya majani, asingeona dalili za ubao mgumu wa kubeba mzigo mzito, na kwa uangalifu wote angechora mmea mdogo wa kikangaga wenye majani machache ya wastani juu yake. Hakuna ambaye angethubutu kuweka majani 250 ya karibu mita tatu kila moja juu ya kijiti kama hicho, na kama angethubutu, wahakiki wa jarida wangemrudishia andiko lake. Tuseme badala yake lingepatikana jani peke yake, limekatika pande zote mbili. Jani la zaidi ya mita 1.75 lingeitwa jani la mti mkubwa, likapewa jina, na likabaki linasubiri shina nene la kulistahili. Vipande vyote viwili vingekuwa vya kweli, kila mchoro ungekuwa wa busara, na mti wenyewe usingejulikana kamwe. Kwa maoni yangu hilo ni fundisho kubwa kuliko lile la sura ya kuchekesha: katika jambo hili, busara ya kawaida ingetupeleka mbali na ukweli, na kinga pekee ilikuwa jiwe lenye vitu vyote viwili.

Je, ilikuwaje vikabaki pamoja? Jibu liko kwenye mazingira ya wakati ule. Eneo la New Brunswick lilikuwa karibu na ikweta, na ardhi yake ilikuwa ikipasuka na kudidimia, hivyo kukawa na mabonde ya ufa yenye maziwa. Mashapo ya maziwa hayo ndiyo yaliyokuja kuwa miamba ambayo wanajiolojia wanaiita Albert Formation, maarufu kwa visukuku vya samaki na kwa mawe yenye mafuta. Nitaingiza neno moja pembeni: ni kutoka kwenye miamba ya jimbo hilo ndipo ilipopatikana albertaiti, lami ngumu ambayo Abraham Gesner, daktari na mwanajiolojia aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa utengenezaji wa mafuta ya taa katika karne ya 19, aliitumia katika kazi yake. Mawe huwa na mafuta namna hiyo pale ambapo mabaki ya viumbe huzama kwenye maji yenye oksijeni kidogo na kufunikwa kabla hayajaoza. Dalili ya sakafu ya ziwa inayohifadhi vizuri ilikuwa ikijulikana, basi, tangu zamani. Kilichokuwa bado ni mti mzima kufikishwa huko ukiwa na majani yake.

Kilichoufikisha ni tetemeko la ardhi. Mahali penye ufa unaocheza ni mahali pa matetemeko, na watafiti wanaeleza kwamba tetemeko lilisababisha ukingo wa ziwa kuporomoka, mimea iliyokuwa imeota kando ya maji ikaingia ziwani pamoja na udongo wake, na matope yakaifunika papo hapo. Haraka hiyo ndiyo iliyoamua kila kitu. Mti ukianguka wenyewe na kulala ufukweni, majani hukauka na kuachana na shina, wadudu na kuvu hufanya kazi yao, mawimbi hubeba kilichobaki, na hatimaye mwamba hupokea vipande. Katika tukio la Norton, mti uliokuwa hai, wenye majani mabichi yaliyoshika barabara, ulizikwa kabla ya hatua yoyote kati ya hizo kuanza. Kwamba kuna vielelezo vitano jirani jirani kunakubaliana na maelezo hayo, kwani maporomoko hayachagui mmea mmoja na kuuacha mwingine.

Hapa ndipo ninapotaka kutenganisha kilichopimwa na kilichokadiriwa, kwa sababu michoro ya kompyuta iliyosambazwa inavichanganya bila kumwambia mtazamaji. Kilichopimwa ni kipenyo cha shina, urefu wa sehemu yenye majani, idadi ya majani yaliyobaki, na ile mita 1.75 ya jani lisilokamilika. Umbo la ncha linatokana na kielelezo kingine, maana kielelezo kikuu hakina. Kilichokadiriwa ni kwamba kila jani lilikuwa na walau mita moja zaidi kabla ya kufika mwisho. Ukijumlisha, jani moja linakuwa na mita 2.75, na mawili yaliyoelekeana yanatoa upana wa mita 5.5, ambao ni zaidi ya mara 34 ya kipenyo cha shina. Kimo cha mti katika mchoro ni takriban mita 2.65, maana yake upana wa majani ulikuwa mara mbili ya kimo. Makadirio hayo yameegemea vipimo, nami siyatilii shaka ya maana, ila hata ukiyaondoa yote na kubaki na kilicho ndani ya jiwe tu, bado una fungu la upana wa mita tatu na nusu juu ya shina la sentimita 16. Hoja haidondoki hata kidogo.

Watafiti wamekadiria pia kwamba fungu hilo lilijaza zaidi ya mita za ujazo 20, labda hadi 30. Mti wa kimo hicho haukuwa ukishindana na miti mirefu, na hapa ndipo wanapotoa pendekezo lao kuu: kwamba Sanfordiacaulis ni ushahidi wa mapema zaidi uliopatikana hadi sasa wa miti iliyoishi katika tabaka la kati la msitu, yaani juu ya mimea inayotambaa au kuota chini, na chini ya paa linaloundwa na miti mirefu. Mantiki yake iko wazi. Mwanga unaopenya paa la msitu hufika kwa uchache na kwa kutawanyika, kwa hiyo anayeishi chini ya paa hilo hunufaika kwa kutandaza eneo kubwa la majani bila kugharamia shina refu na nene. Vilevile upana huo wa mita tano na nusu uliweka kivuli juu ya kila kilichoota chini yake, na kwa hiyo ulipunguza washindani wa maji na virutubisho vya udongo. Napenda kwamba wamesema ni pendekezo. Msitu wenyewe haukuhifadhiwa ukiwa umesimama na matabaka yake yote. Tabaka la kati limetokana na umbo la mti na hesabu za ukubwa wake, na ingawa hesabu hizo ni nzuri, ushahidi wa moja kwa moja ungekuwa kuukuta mti huu ukiwa kwenye mizizi yake kando ya mti mrefu ulioupita.

Wengine wameufananisha na mnazi au na makangaga ya miti ya siku hizi. Kwa mbali mfanano upo: shina moja, hakuna matawi, majani juu. Kwa karibu mfanano unavunjika. Minazi na jamaa zake haikutokea duniani mpaka miaka milioni mia mbili na zaidi baadaye, na ni mimea ya maua, kwa hiyo udugu haupo. Makangaga ya miti ni ya karibu zaidi kwa sura, lakini hayo kwa kawaida hubeba majani makubwa machache kwa wakati mmoja na kuyaachia yaliyozeeka, ilhali mti wa Norton ulibeba mamia. Hesabu hiyo ya majani haina mwenzake katika mimea tunayoifahamu leo, na ndiyo maana watafiti wanauhesabu mti huu kuwa moja ya njia zilizojaribiwa za kuwa mti, njia ambayo haikuendelezwa na vizazi vya baadaye.

Wakati wenyewe pia una uzito. Kipindi cha Devoni kiliisha miaka milioni 359 hivi iliyopita kwa kutoweka kwa viumbe wengi, na Archaeopteris, uliokuwa umetawala misitu ya dunia, ulikuwa miongoni mwa vilivyopotea. Misitu ya makaa ya mawe yenye Lepidodendron warefu ilikuja kushamiri mamilioni mengi ya miaka baadaye. Kati ya misitu hiyo miwili kuna sehemu ya mwanzo wa Kaboniferi ambayo kumbukumbu zake za nchi kavu ni chache. Kwa upande wa wanyama wenye miguu minne imepewa hata jina, Pengo la Romer, kutokana na Alfred Sherwood Romer aliyeliona kwanza. Mti wa Norton umetoka ndani ya pengo hilo. Ilikuwa rahisi kudhani kwamba baada ya maangamizi ya mwisho wa Devoni mimea ilikuwa michache na ya maumbo ya kawaida, ikisubiri zama za makaa ya mawe zianze. Mti mmoja hautoshi kuijaza picha hiyo, lakini unatosha kuonyesha kwamba palikuwa na majaribio ya maumbo ambayo hayakuacha mrithi, na kwamba uchache wa visukuku usichukuliwe kuwa uchache wa mimea.

Linalobaki ni swali la ukoo. Sanfordiacaulis bado hauna mahali pake kwenye mti wa uhusiano wa mimea, kwa sababu vielelezo vyote vitano havijaonyesha viungo vya uzazi, na bila spora au mbegu haiwezekani kusema kwa uhakika kama ni jamaa wa makangaga, wa mimea ya kwanza ya mbegu, au wa kundi ambalo halijapewa jina. Kwa mtazamo wangu watafiti walifanya vizuri kutolazimisha jibu, hasa tukikumbuka jinsi majani ya Archaeopteris yalivyokaa karibu miaka 90 katika kundi lisilo lake. Jibu linaweza kuwa tayari limechimbwa. Miamba ya umri huu huko New Brunswick imetoa vipande vingi vya mimea, na baadhi ya vikonyo, spora au mbegu zilizokwisha kupewa majina mengine huenda ni za mti huu. Kitakachoamua ni kipande kimoja ambacho kiungo cha uzazi kitakutwa kimeshikana na kikonyo kinachoanza kutoa vikonyo vya pembeni nusu mita kutoka kwenye shina lenye vitako vilivyobanana.